Watu Hawatoshi, Mzigo Hautoki: Kutafuta Chanzo Kiwandani, Stoo na Getini

Mfano nitakaoutumia ni kiwanda cha ukubwa wa kati cha maji ya chupa na juisi, tuseme Kibaha au pembezoni mwa Dar es Salaam. Kina wafanyakazi wachache wa kudumu na vibarua wengi, na kinapeleka mzigo Kariakoo, Morogoro, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Wewe wa sabuni, unga au biskuti badilisha majina ya malighafi tu, mengine utayatambua.

Kwenye viwanda vya namna hii, jambo lolote likiharibika neno la kwanza ni "watu hawatoshi". Mara nyingi si kweli. Watu wapo, ila wamekaa mahali ambapo kazi haijafika, na kazi imerundikana mahali ambapo watu wameondoka au wamechoka. Kwa hiyo kabla hujaongeza hata kibarua mmoja, tafuta mzigo unasimama wapi, na unasimama kwa muda gani.

Utahitaji vitabu vitatu vya wiki nne zilizopita: kitabu cha getini, daftari la mahudhurio na kadi za stoo. Kama mlinzi anaandika saa ya lori kuingia bila saa ya kutoka, mwambie aongeze safu hiyo leo. Bila hiyo utabishana na watu kwa hisia, na msimamizi mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Dalili: malori yanalala uani

Lori limeingia saa 2 asubuhi, linatoka saa 4 usiku, au linalala kabisa. Dereva ananung'unika, mwenye gari anadai pesa ya kusubiri, msimamizi wa stoo anaomba makuli kumi zaidi.

Anza na hesabu fupi. Chukua idadi ya malori yaliyomo uani, gawanya kwa idadi ya malori mnayomaliza kwa saa moja. Yakiwemo 12 na mnamaliza 2 kwa saa, lori linaloingia sasa hivi litakaa saa 6. Basi swali si kwa nini hili limechelewa. Swali ni kitu gani kinawafanya mmalize mawili tu kwa saa.

Fuata malori matatu kwa siku nzima ukiwa na kalamu. Gawa muda wa kila lori mafungu manne: kusubiri karatasi, kusubiri mzigo ukusanywe, kupakia kwenyewe, na kusubiri ruhusa ya kutoka. Wanaofanya zoezi hili mara ya kwanza hushangaa jinsi fungu la kupakia lilivyo dogo.

Kama muda mwingi umeliwa na karatasi, chanzo kiko ofisini. Mhasibu anaingia saa 3 wakati malori yameshafika tangu saa 12. Au lori limeitwa kabla malipo ya wakala hayajathibitishwa benki. Au mashine ya risiti ni moja na mtandao umekata. Ukiongeza makuli hapa umeongeza watu wa kukaa kivulini. Dawa ni kwamba lori lisiitwe mpaka oda iwe imelipiwa na hati zake zimechapwa, na mtu mmoja wa ankara ahamishiwe zamu ya alfajiri.

Kama muda umeliwa na kukusanya mzigo, ingia stoo utazame. Kwa kawaida bidhaa inayotoka haraka imefichwa nyuma ya ile isiyotoka, kwa sababu imepangwa kwa kufuata siku iliyotoka mashineni. Zamu ya jioni ipange mlangoni mzigo wa malori matatu ya kwanza ya kesho. Hilo peke yake hubadilisha asubuhi nzima.

Kama kweli ni kupakia, fanya hesabu ya mwili wa binadamu. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ina kilo 18 za maji; ukiongeza plastiki unafika kilo 18 na nusu hivi. Lori la tani 30 linabeba katoni kama 1,600. Makuli sita wakiligawana, kila mmoja ameinua katoni zaidi ya 260, karibu tani 5. Lori la pili, tani 10. La tatu, usimlaumu mtu. Hata ukisimama juu ya paleti ukipiga kelele, mwendo hautarudi. Tena mlango wa nyuma wa lori unameza mistari miwili ya watu, basi. Wakizidi wanane wanaanza kukanyagana na kuangusha katoni. Kinachosaidia ni makundi mawili yanayopokezana, moja lipakie lingine lipange mzigo unaofuata, maji ya kunywa yawe karibu, na jukwaa lililo usawa wa bodi ya gari ili katoni isiinuliwe kutoka chini hadi kifuani. Kulipa kwa katoni huongeza kasi, lakini huongeza pia chupa zilizopasuka. Ukichagua njia hiyo, anayehesabu na kukagua asiwe mmoja wa wanaolipwa kwa hesabu hiyo.

Fungu la nne ni kutoka. Mlinzi anahesabu upya, idadi haifanani, mzigo unashushwa nusu. Au lori linatoka vizuri na kurudishwa na mizani. Wengi wanaijua ile tani 56, ukomo wa juu wa gari pamoja na mzigo wake, ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, wanasahau kwamba ekseli nazo zina ukomo wake. Lori lenye uzito halali kwa jumla linaweza kukwama kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma. Maji hayasameheki hapa, kwani ni mazito kuliko yanavyoonekana, na bodi hufikia uzito kabla haijajaa kwa macho. Kuli mpya akiona nafasi tupu anadhani kazi haijaisha. Chora kwa rangi ukutani, kwa kila aina ya gari, safu ngapi mbele na ngapi nyuma.

Kuna chanzo kingine kinachopitwa kirahisi, nacho ni kwamba malori yote yameambiwa "njoo asubuhi". Gawa saa. Fuso na kenta za mjini ziingie alfajiri, malori ya Mwanza na Mbeya yapakiwe mchana na jioni ili dereva alale na kuondoka mapema. Madereva watakataa wiki ya kwanza, kwa sababu wamezoea kwamba anayewahi ndiye anayepakia. Wakishaona aliyekuja saa 8 mchana ametoka saa 10, hutahitaji kuwashawishi tena.

Dalili: saa za ziada zinapanda, katoni hazipandi

Hapa ndipo pesa inapovuja kimyakimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne, zikilipwa si chini ya mara moja na nusu. Kama nusu ya watu wako wanagusa hiyo 50 kila mwezi, acha kuiita dharura. Ndiyo ratiba yako, na siku dharura ya kweli ikija huna pa kuchota.

Tazama mchana. Mashine zilisimama saa ngapi, na kwa nini? Sababu ya kwanza kuitafuta ni malighafi iliyokatika katikati ya zamu. Kompyuta inasema lebo zipo 40,000. Ukienda stoo, 25,000 kati ya hizo ni za muundo wa zamani. Prifomu (vile vichupa vidogo vya plastiki vinavyopulizwa kuwa chupa) zipo, sukari ipo, vifuniko vya bluu vimekwisha kwa sababu kontena limekwama bandarini, na watu arobaini wamekaa. Jioni vifuniko vinafika, wanabakizwa hadi saa 4 usiku. Kwenye karatasi ya mishahara jambo hilo linasomeka kama uhaba wa wafanyakazi.

Dawa yake ni ya kizamani na inafanya kazi. Kila siku saa 10 jioni mtu wa stoo aende aguse kwa mkono vitu vya kesho: prifomu, vifuniko, lebo, plastiki ya kufungia, na viungo vya juisi. Asaini. Bila saini hiyo ratiba ya kesho haibandikwi, na vibarua wanaambiwa jioni hiyohiyo, si kesho getini baada ya kulipa nauli.

Sababu ya pili ni kubadilisha bidhaa mara nyingi. Tuseme kutoka embe kwenda nanasi mnaosha mitambo kwa saa moja na nusu, na zamu ina saa 8 za kazi. Mkibadilisha mara tatu, saa nne na nusu zimekwenda na maji ya kuoshea. Mmezalisha kwa saa tatu na nusu. Idara ya mauzo haioni hili, inaona tu kwamba wakala wa Dodoma anataka "kidogo kidogo kila ladha". Panga ladha kwa mzunguko wa wiki, ukitoka kwenye nyepesi kwenda kwenye nzito na yenye rangi kali, ili kuosha kuwe kufupi. Kisha funga ratiba. Ikitoka Alhamisi, Jumatatu hadi Jumatano haiguswi. Lazima awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuivunja, na akiivunja aandike jina lake na sababu ubaoni. Utaona maombi ya haraka yanavyopungua watu wakijua jina litasomwa.

Umeme ukikatika, jenereta likigoma, fundi akisubiri spea, hayo yaandike kando. Usiyachanganye na haya mawili, maana dawa zake ni nyingine na mara nyingi haziko mikononi mwa mpangaji.

Dalili: watu hawaji kazini

"Vijana wa siku hizi ni wavivu" si uchunguzi. Chukua daftari la mahudhurio, hesabu waliokosekana kwa kila siku ya wiki, halafu linganisha.

Wakikosekana Jumatatu, angalia siku ya malipo. Mnalipa Jumamosi mchana? Hamishia katikati ya wiki, ujaribu mwezi mmoja.

Wakikosekana Alhamisi na Ijumaa kabla ya malipo, hiyo ni nauli. Mtu anayekaa Mbagala na kufanya kazi Kibaha anapanda magari mawili au matatu kwenda tu. Pesa ya wiki iliyopita imekwisha, na kukopa kwa ajili ya kwenda kupata ujira wa siku moja hakumlipi. Malipo ya mara mbili kwa wiki kupitia simu, au gari la kiwanda kutoka kituo kimoja kikubwa, hugharimu chini ya mashine kusimama.

Wakikosekana zamu ya usiku, tazama saa inayoanza na kuisha. Zamu inayokwisha saa 5 usiku inamwacha mwanamke barabarani bila daladala. Wengi hawatakwambia hivyo. Watasema wanaumwa. Sogeza mwisho wa zamu, au iishe asubuhi, na usisahau nyongeza ya usiku ya asilimia 5 ambayo sheria imeiweka kwa saa za kuanzia 2 usiku hadi 12 asubuhi. Viwanda vingi huijumlisha ndani ya ujira wa siku mpaka haionekani, kisha vinashangaa hakuna anayeitaka zamu hiyo.

Wakikosekana siku za mvua, chora ramani ya wanakokaa. Jangwani ikijaa maji, aliye upande wa pili haji, hata awe mtiifu vipi. Ukiwa na vibarua wote kutoka bonde moja, masika itakufungia kiwanda. Chukua watu kutoka pande mbili au tatu za mji.

Kisha kuna misimu. Vuli ikianza baadhi wanarudi shamba. Desemba mabasi ya Moshi na Arusha yanajaa, na mtu aliyeahidi nyumbani kwamba atakuja Krismasi atakwenda, kwa ruhusa au bila ruhusa. Kwa kuwa unajua atakwenda, muulize Oktoba, andika majina, gawa likizo kwa awamu. Anayeogopa kuuliza ndiye anayeamka tarehe 20 akiwa na nusu ya zamu.

Dalili: sura mpya kila wiki, na upotevu unapanda

Msimamizi anachagua watu getini asubuhi, kwa macho. Leo wewe, wewe na wewe. Aliyejifunza jana namna ya kuweka lebo hajapita leo. Lebo zinakwenda upande, vifuniko havikazi, chupa zinavuja njiani na katoni zinarudi kutoka Singida zikiwa zimelowa.

Kabla ya kulaumu mafunzo, uliza nani anachagua na anachagua kwa kigezo gani. Panapokuwa na uchaguzi wa getini mara nyingi pana pia "chai" ya msimamizi, na anayetoa chai si lazima awe anayejua kazi. Tengeneza orodha moja ya vibarua wanaojua kazi, yenye namba zao za simu na kazi wanazoziweza, na mwito utoke ofisini jioni. Kila mstari uwe na mkongwe mmoja kwa wapya wawili, zaidi ya hapo ubora unaanguka.

Walioko Kenya waangalie pia kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla anaweza kuhesabiwa kuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi. Wapo wanaozungusha watu ili kukwepa hilo. Wahesabu upotevu wao kwanza, kisha waseme wameokoa nini.

Dalili: stoo imejaa, wateja wanasema hakuna mzigo

Hii hutatanisha wakurugenzi kuliko zote, nayo ndiyo rahisi kuieleza. Kiwanda kinapimwa kwa jumla ya katoni. Chupa kubwa za maji hazina kubadilisha ladha, mashine inakimbia nazo siku nzima, na ubaoni idadi inapendeza. Chupa ndogo za juisi zinazoulizwa na maduka zina usumbufu, zinasogezwa kesho. Mwisho wa mwezi lengo limefikiwa na stoo imefungwa na maji makubwa.

Badilisha kinachopimwa. Ubaoni andika kila bidhaa na mstari wake: ilipangwa ngapi, ilitoka ngapi. Bidhaa iliyozidi mpango ihesabiwe kosa sawa na iliyopungua. Utapata upinzani kutoka kwa wenye bonasi, jiandae.

Dalili: oda za mawakala zinaruka, kisha kimya

Mwezi huu wakala wa Mwanza ameagiza malori matatu, mwezi ujao hakuna. Mnaita vibarua, mnawaacha, mnawaita tena. Jay Forrester wa MIT alilieleza jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: mabadiliko madogo kwa mnunuzi wa mwisho hukua kila yanapopita mkono mmoja kwenda mwingine, duka, wakala, ghala, kiwanda, mpaka kiwandani yanafika kama dhoruba. Kila mkono unaongeza kidogo "kwa usalama".

Sababu za karibu ni tatu. Ya kwanza ni punguzo la mwisho wa mwezi ambalo ninyi wenyewe mnalitoa ili kufikisha lengo la mauzo. Wakala mwenye akili hungoja tarehe 27. Ya pili ni mgawo: akiomba 1,000 akapewa 600, mara nyingine ataomba 1,700. Ya tatu ni fununu ya bei kupanda. Kwa mbili za kwanza tiba iko ndani ya kiwanda. Sambaza punguzo mwezi mzima, na mzigo ukipungua gawa kwa kufuata wakala aliuza ngapi, si aliomba ngapi.

Hapo ndipo unapohitaji namba iliyo bora kuliko oda, nayo ni katoni zilizobaki kwa wakala. Kila Ijumaa akutumie WhatsApp picha ya stoo yake na hesabu. Ukijua alikuwa na ngapi, amepokea ngapi na amebaki na ngapi, umejua ameuza ngapi. Anayekataa kutuma asiwe wa kwanza kwenye foleni ya mzigo adimu.

Na angalizo kwa wanaokadiria kwa kutazama mwezi uleule wa mwaka jana: juisi haifuati kalenda hiyo. Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2023 ilianza karibu na tarehe 23 Machi. Mwaka 2026 iliingia katikati ya Februari. Aliyenakili namba za Machi za miaka mitatu nyuma ameita watu na sukari mwezi mzima kwa kuchelewa, huku futari zimeshaliwa na juisi ya mshindani. Hesabu kwa wiki kabla na baada ya mwezi kuandama, kisha ongeza joto la Dar la Desemba hadi Februari pale yanapokutana.

Dalili zote zimekuja pamoja

Hutokea, hasa Desemba. Usianze na makadirio wala programu mpya ya kompyuta. Zitachukua miezi na mzigo uko uani. Anza na kugawa saa za malori kuingia getini, kwa sababu hakuna gharama na matokeo yanaonekana ndani ya wiki. Pili, saini ya stoo ya saa 10 jioni. Tatu, kufunga ratiba kwa siku tatu. Orodha ya vibarua ifuate. Mawakala wawe wa mwisho, maana wao hawatakuamini mpaka waone mzigo unafika siku mliyosema.

Baada ya wiki nne rudia kuyafuata malori matatu kwa kalamu. Ukikuta karatasi hazicheleweshi, mzigo upo mlangoni, magari yanakuja kwa saa zake, makundi mawili yanapokezana, na bado fungu la kupakia ndilo linalokula siku, basi sasa watu kweli hawatoshi. Ajiri, kwa mlango huo na kwa zamu hiyo.